Uani kwa Mejumaa

Msambweni,
12 Juni 2025

Mpwa wangu Fauzia,

Kosa wanalolifanya karibu wote wanaokwenda kuiona nyumba ya marehemu mama yako ni kutafuta mlango upande wa barabara. Wanasimama mbele ya ule ukuta mtupu, wanaupapasa, wanarudi nyuma kidogo, wanautazama tena kama mtu aliyekutana na uso asioukumbuka. Kisha wanaupiga picha na kuondoka. Hawajui kwamba walichokipiga picha ni kisogo.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu, jambo ambalo darasani ningemkata mwanafunzi alama. Basi, assalaam aleikum. Huku sisi ni wazima, ila mguu wangu wa kushoto ambao sasa una mapenzi yake mwenyewe. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu huwa husemi ila "sawa Mjomba", na kabla sijafika kwenye jambo lenyewe umeshakata. Barua hii nitaipeleka Ukunda, pale Kona ya Musa, kwa watu wa vifurushi. Barua haikatwi. Unaweza kuikunja tu, nayo itakungoja.

Jambo lenyewe ni hili. Hanifa, anayemtunza baba yako kule Kwale, ameniambia umemkubalia yule mtu anayejenga nyumba za wageni, na kwamba mwisho wa Agosti utatia sahihi aibomoe nyumba ya Ziyani. Sina la kukukataza. Wewe umekaa bara miaka mingi, kwa hiyo nikukumbushe tunavyohesabu sisi. Kiwanja kile ni cha fuko letu, yaani ukoo wa upande wa mama. Kilitoka kwa bibi yangu kikaja kwa mama yangu, kwa mama yangu kikaja kwa dada yangu Mejumaa, na kwa Mejumaa kimekuja kwako. Baba yako alijenga pale kama mkwe aliyekaribishwa. Mimi mjomba nina haki ya kusema, wewe una wajibu wa kunisikiliza, kisha una haki ya kufanya upendavyo. Ndivyo ilivyo, wala sitaki kuipindua.

Juma lililopita nilimpeleka Ziyani mgeni, mwanamke wa makamo aitwaye Gillian, anayefundisha usanifu wa majengo Nairobi. Alikuja kwa sababu ya Bwana Penseli. Wewe unamjua kwa kusimuliwa tu, yule Mzungu aliyekuja Diani kusanifu hoteli, mwenye penseli nyuma ya sikio hata akiingia baharini kuoga. Gillian ananiambia kwamba jina lake siku hizi ni kubwa, kwamba majengo yake yako Ulaya na Japani, na watu hupanda ndege kwenda kuyatazama. Katika yote aliyowahi kuyachora, dogo kabisa ni hilo letu, vyumba vitatu na paa bapa kando ya ziwa ambalo hata kwenye ramani ya kaunti halina jina.

Naye alifanya kosa lile lile. Akauzunguka ukuta kwa macho, akaniuliza, "Mzee, sasa mlango uko side gani?"

"Uko upande wanaoishi watu."

"Kwani huku hawaishi?"

"Huku wanapita."

Akacheka. "Mzee, hapo umenipata."

Nikampitisha kwenye kijia cha ziwani, tukaingia kwa mbele, yaani kule ambako wengi hudhani ni nyuma. Baadaye akanieleza alivyosoma vitabuni, kwamba Bwana Penseli aliuziba upande wa barabara kwa sababu ndio magharibi, na jua la alasiri ni kali. Nikamjibu kwamba kweli jua la alasiri ni kali. Sikumwambia zaidi, kwa kuwa yuko mwingine anayestahili kuambiwa kwanza.

Njoo uione kabla haijabomolewa. Sina ombi lingine.

Mjomba wako,
Abdulwahab


Nakuru,
21 Juni 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imefika, na nimefurahi kuuona mwandiko wako, ule ule wa ubaoni. Pole kwa mguu. Nitakutumia dawa ya kuchua, uitumie, usiiweke kabatini kama ile ya mwaka jana.

Nimekusikiliza kama nipaswavyo. Sasa na wewe nisikilize.

Mimi si mgeni wa kutembezwa kwenye nyumba ile. Nilizaliwa ndipo ikajengwa, nikakulia humo. Hanifa alinitumia picha aliyoipiga huyo Gillian wako, nikamwonyesha jirani yangu Rael, mama wa Kericho tunayeshirikiana naye ua hapa. Akaigeuza simu huku na huku akasema, "Hii ni choo ya shule?" Nikamwambia, "Karibu na hapo. Ni jela."

Watoto wa barabarani walikuwa na jina langu, Mjomba. Fauzia wa Korokoroni. Nikitoka chuoni na kijuzuu changu wananiimbia mpaka nafika kwenye kona ya ukuta: mama yako kafungwa, mama yako kafungwa. Na sikuweza kuwabishia kwa sababu baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema. Alasiri, jua likishapoa, alikaa nje na wageni wake, wameegemea ukuta ule, wanakunywa kahawa. Lazima afike mahali augonge kwa kiganja: pa, pa. "Mke wangu hapitiwi na jicho la mtu." Na wale wageni wanajibu mashaallah.

Mimi nilikuwa ndani. Kile kiganja nilikisikia kwa upande wa pili. Kila kikigonga nilimtazama mama, naye anakuna nazi yake, hainui kichwa, ametupa mgongo sote, mimi na baba na ukuta. Nilidhani analia. Sikuwahi kwenda mbele kumtazama uso.

Unajua nilichokisema siku ya matanga. Nilisema mbele ya watu kwamba amemfunga mpaka amekufa. Baba hakujibu neno. Mtu asiye na kosa hujibu, Mjomba. Nikaondoka, na tangu mwaka ule sijamwamkia baba yangu. Nguo na dawa zake nampelekea kwa mkono wa Hanifa, anavaa na anakunywa, lakini shikamoo yangu hajaipata.

Kwa hiyo usinipeleke kutazama jela kwa sababu tu aliyeichora amekuwa mtu mkubwa. Mwache huyo mwenye nyumba za wageni aje na matingatinga yake. Nataka siku moja nipite barabara ile niuone upande wa pili bila kitu katikati.

Mpwa wako,
Fauzia


Msambweni,
30 Juni 2025

Mwanangu Fauzia,

Dawa imefika na naitumia. Nyumba nzima inanuka karafuu, na paka amehama.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikatoka kuswali, nikarudi nikaisoma tena. Nitakusimulia jambo ambalo nililikalia kama amana. Mwenye amana alikuwa mama yako, naye alisema angekuambia mwenyewe siku ya harusi yako, kwa sababu mambo ya waume huambiwa bibi harusi akiwa ndani, anasingwa kwa manukato. Hakuifikia siku hiyo. Nami nilidhani amana imezikwa naye. Lakini sasa nyumba inakwenda, na wewe unaivunja kwa sababu isiyo yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja likizo kutoka chuo cha ualimu. Baba yako alikuwa nyapara wa wajenzi kule hotelini Diani. Bwana Penseli akashikwa na malaria, mbaya, akalazwa kwenye hema la kambi, na chakula cha kambi hakimpiti kooni. Mama yako ndiye aliyempikia uji wa mchele na mchuzi mwepesi wa kambare mpaka akasimama. Alipopona akasema hana cha kumlipa mwanamke huyu ila kile anachokijua. Akaja Ziyani na karatasi yake kubwa, akaitandaza juu ya mkeka. Mimi nikawa mkalimani.

Sasa hapa nikueleze kitu, maana ndipo penye kiini. Bwana Penseli alikuwa mtu wa kusoma. Alikuwa ameuliza huku na huku habari za nyumba za Waswahili, akaambiwa kwamba lazima pawe na uani, na kwamba uani uko nyuma ya nyumba, na kwamba uani huzungushiwa ukuta mrefu ili wanawake wakae kwa stara. Yote hayo ni kweli. Basi akachora baraza na mlango na madirisha upande wa barabara, na nyuma, upande wa ziwa, akachora uani wenye ukuta mrefu mtupu. Alifuata kila alichoambiwa.

Mama yako akaitazama karatasi. Akauliza, "Huu ukuta wa nini?"

Nikamweleza: wa stara, usionekane.

"Nisionekane na nani?"

Nikamuuliza Bwana Penseli. Akasema na watu.

"Ziwani kuna watu gani?" akasema Mejumaa. "Kuna kambare. Watu wako barabarani."

Kisha akanyosha mkono, akaigeuza karatasi pale juu ya mkeka, juu ikawa chini. Ukuta ukaenda barabarani, na ule upande uliokuwa na baraza na madirisha yote ukaja ziwani. Akaweka kidole hapo akasema, "Hapa ndipo uani pangu."

Bwana Penseli akajaribu kueleza kwamba hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote katika nyumba, na kwa kawaida mahali kama hapo huwekwa sebule ya wageni. Nikafasiri. Mama yako akauliza, "Wageni wanakaa muda gani?"

"Saa moja, saa mbili."

"Na mimi?"

Bwana Penseli akaitoa penseli sikioni. Alikaa palepale akaanza kufuta.

Basi hiyo ndiyo asili ya ukuta ule. Watoto wa barabarani walisema jela. Vitabu vinasema jua la alasiri. Ukweli ni kwamba Mejumaa alitaka kupika akitazama maji.

Utauliza kuhusu kiganja cha baba yako. Wajenzi wenzake walipopata habari kwamba ramani ya nyapara imegeuzwa na mkewe, hawakumwachia pumzi. Naye akajibu kwa maneno yale uliyoyasikia. Mimi nilitaka kumwumbua pale pale, nikiwa kijana. Mama yako akanizuia. Akaniambia, "Mwache na ukuta wake, Abdul. Mimi nina ziwa langu."

Haya, nimeisema. Fanya upendavyo.

Mjomba wako,
Abdulwahab


Nakuru,
9 Julai 2025

Shikamoo Mjomba,

Nimekaa na barua yako siku nyingi, na nitakuwa mkweli hata kama si adabu. Nilifikiri umeitunga. Nilifikiri umeipenda nyumba, umempenda na Gillian anavyokusikiliza, ukatafuta hadithi ya kunishika mkono. Halafu nikafika pale penye kambare. Hayo ni maneno yake. Hakuna mwingine angeyasema.

Lakini hata kama aliitaka nyumba hivyo, bado baba aliugonga ukuta. Aliona ninavyoimbiwa. Aliniona nikiingia nalia. Angeweza kuniita ndani akaninong'oneza neno moja tu, nisiwe nimemchukia maisha yangu yote. Mama alikuwa na ziwa lake, sawa. Mimi nilikuwa na nini?

Nimemwandikia. Barua ina swali moja, halina salamu wala sahihi: Karatasi aligeuza nani? Akijibu kwamba ni yeye, namwambia mwenye matingatinga aje hata kesho. Kukuuliza wewe tena sitaki, usije ukanielezea.

Fauzia


Kwale,
22 Julai 2025

Fauzia binti Mbwana,

Anayeandika ni Hanifa, anayesema ni Mbwana. Macho yangu hayasomi tena, lakini masikio yapo, na swali lako nimelisikia. Halikuwa na salamu. Nikamwambia Hanifa alisome upya, huenda ameziruka. Amesema hazimo. Basi mimi nakusalimu.

Unauliza karatasi aligeuza nani. Mwenye nyumba nilikuwa mimi. Aliyemleta Bwana Penseli Ziyani nilikuwa mimi. Mambo ya ujenzi huamua mume. Andika hivyo, Hanifa.

Hanifa hataki kuandika. Amesema, "Mjomba, aliyeuliza hakuuliza nani mwenye nyumba." Amerithi ulimi wa mama yake, dada yangu. Wote wawili hawajawahi kuniachia sentensi nikaimaliza.

Haya. Mejumaa alikuwa mwepesi wa mkono. Karatasi ilikuwa juu ya mkeka, nami nilikuwa nimeinama kuwasha sigara. Nilipoinua kichwa nyumba ilikuwa imegeuka.

Hujui kambi ya wajenzi wewe. Walinicheka msimu mzima. Kulikuwa na seremala mmoja, kila akiniona anageuka na kutembea kinyumenyume mpaka nimpite. Mfanyakazi akikosea tofali ananiambia, "Nyapara, tumwite mkeo?" Ikabidi niseme kitu. Nikasema nimeweka ukuta kwa wivu. Mwanamume kuitwa mwenye wivu ni sifa, kuitwa mwenye kugeuzwa ni jina la kuzikwa nalo. Nililisema mara moja, wakalipenda, na neno likishapendwa na watu linakuwa si lako tena. Likabidi lisemwe kila alasiri.

Kwa nini sikukuambia wewe. Ulikuwa mtoto, na mtoto akiimbiwa barabarani hujibu. Ningelikuambia leo, kesho ungelipiga kelele mbele ya wale watoto: mama yangu ndiye aliyemgeuza baba. Hilo niliona haya nalo. Sikuona haya kwamba Mejumaa aliomba. Niliona haya kwamba nilimpa.

Siku ya matanga ulisema nimemfunga. Sikukujibu. Jibu langu lingekuwa kusema mbele ya waombolezaji kwamba marehemu alikuwa akinitawala nyumbani, na udongo wake ulikuwa bado mbichi. Mtu hasemi hivyo. Nikaona bora nibebe.

Kuna jambo moja mjomba wako halijui, kwa sababu alikuwa amesharudi chuoni. Bwana Penseli alitaka kipimo cha jicho la mama yako akiwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, toka sakafuni mpaka kwenye jicho. Alikuja na utepe wake. Nikamwambia mwanamume mgeni hampimi mke wangu. Nikachukua uzi wa usumba wa makumbi ya nazi, nikampima mimi, nikafunga fundo, nikampelekea fundo. Alilitumia.

Nyumba ni yako, ibomoe ukitaka. Sikuiti. Una kazi zako. Hanifa anataka niseme naumwa. Siumwi.

Mbwana

Dada Fauzia, haya ni yangu mwenyewe, Hanifa. Maneno hayo ameyasema tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mengine amenifutisha. Kila gari likipanda kutoka Kombani anauliza ni nani ameshuka. Usimwambie nimekuambia.


Ziyani,
12 Agosti 2025

Shikamoo Mjomba,

Barua hii inakujia kwa mkono wa Kahindi, jirani mwenye bustani ya mchicha hapo ng'ambo ya kijia. Najua umesikia kwamba nimefika. Ahsante kwa kutokuja. Nilikuomba uniache peke yangu kwanza, nawe ukafanya kazi ngumu kuliko kuja.

Niliingia kwa upande wa maji. Nyumba ni ndogo mno, Mjomba. Nilikuwa nikiibeba kichwani kama ngome, na sasa nikisimama katikati ya sebule nikinyosha mikono nakaribia kuzigusa kuta. Paa limevuja pembeni, zege limeota ukungu mweusi, popo wameshika chumba changu cha zamani. Lakini sakafu ile nyekundu ya saruji bado inang'aa ukiifuta. Niliifuta alasiri yote. Sikujua kazi nyingine ya kuanza nayo.

Halafu nikaenda jikoni kwake. Unalikumbuka lile dirisha refu la chini, linalokwenda toka pembe hadi pembe? Mtu akisimama halimfai kitu, linamwonyesha magoti yake na ukingo wa maji. Utotoni nilidhani liliwekwa chini ili mama asione mbali. Nilikuwa na ushahidi wote, Mjomba, kila kitu katika nyumba hii kilikuwa ushahidi.

Nikaazima mbuzi kwa mke wa Kahindi, na nazi moja. Mbuzi ya mama sikuikuta. Nikaiweka pale sakafuni palipolika kidogo, nikakaa, nikainua uso.

Lilikuwapo ziwa lote. Mayungiyungi, matete ya ng'ambo, ndege weupe wamesimama kwenye mgongo wa gogo, na anga juu yake, hakuna kinachokatwa. Dirisha liliishia juu kidogo tu ya jicho langu na kuanzia chini kidogo tu ya mkono. Mimi na mama tulikuwa kimo kimoja, watu walikuwa wakisema hivyo. Nikakuna nazi yote bila kutazama mkono. Kumbe hakuwa akilia. Nilimwona mgongo miaka yote ile, na mbele ya uso wake kulikuwa na haya.

Lakini si hilo lililonikalisha hapa. Nilipogeuka, bado nimekaa, niliona kwamba nyuma yangu, kwenye kivuli cha ule ukuta wa barabara, kuna kidaraja cha saruji, mahali pa mtu mmoja kukaa. Nikakumbuka kitu. Sijui nilikiweka wapi miaka hii yote. Wageni wake walipoondoka na vikombe vikaingizwa, baba alikuwa akizunguka kwa kijia cha ziwani, anaingia, anavua kofia, anakaa pale na ungo mapajani. Anachambua mchicha. Anamenya vitunguu. Siku mama alipokuwa na homa alikuna nazi yeye, vibaya, chembe mpaka kwenye ndevu, na mama akamwambia, "Wewe unamlisha nani, kuku?" Baba akacheka. Nilikuwepo. Nilicheka na mimi.

Nyapara wa Diani, Mjomba, anachambua mchicha. Mtu wa barabarani angemwona asingemaliza kusimulia. Kwa hiyo ukuta ulikuwa na mtu uliyemsitiri kweli, ila sisi wote tulimdhania mwingine. Na mama alijua. Alimwacha augonge kwa nje kwa sababu alimjua wa ndani.

Nimempigia simu yule mwenye nyumba za wageni, nimemwambia sitii sahihi. Amekasirika kwa adabu. Gillian nimemwambia aje na wanafunzi wake, waje kwa kijia cha ziwani, na kila mmoja akae kwenye mbuzi kabla ya kufungua mdomo. Amesema ataandika kwamba nyumba ilisanifiwa na watu wawili. Nikamwambia watatu, kuna aliyefunga fundo.

Haya ni mepesi. Zito ni hili: bado sijakwenda Kwale. Kila asubuhi navaa buibui langu, nachukua mkoba, nafika kwenye kona ya ukuta, narudi. Miaka arobaini, Mjomba. Nilimshtaki mbele ya watu na nikamwadhibu kwa kumnyima salamu, na yeye alikuwa na jibu kinywani akalimeza kwa heshima ya mama yangu. Nimeandaa maneno, yakifika shingoni yanageuka hotuba. Nitamwambia samahani nikiwa nimesimama wapi? Akiuliza kwa nini nimechelewa nitasema nini? Nadhani ni afadhali nirudi Nakuru keshokutwa, nitulie, nimwandikie barua nzuri, ndefu, iliyopangwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua haikatwi.

Nishauri.

Mpwa wako,
Fauzia


Msambweni,
13 Agosti 2025

Mwanangu Fauzia,

Kahindi amenikuta nimetoka tu kuswali alfajiri, na anangoja hapa mlangoni aichukue hii, kwa hiyo sitakuwa na nafasi ya kueleza sana. Utasema alhamdulillahi.

La kidaraja na ungo sikulijua. Ni dada yangu na shemeji yangu, nimekula kwao mara zisizo na idadi, nami sikulijua. Nilikaa hapa nikacheka peke yangu, kisha nikawa sicheki.

Kuhusu barua nzuri, ndefu, iliyopangwa: usiiandike. Barua ni ya walio mbali, nawe uko karibu. Mbwana hawezi kuisoma, itabidi Hanifa amsomee, na mambo uliyoyaona pale jikoni si ya kusomewa mtu na mwingine. Kutoka hapo ulipo hadi Kwale ni safari ya asubuhi moja, na umri alio nao baba yako si wa kupangiwa keshokutwa.

Wala hotuba huihitaji. Umeuliza utasema nini. Mimi nimefundisha lugha maisha yangu yote, na nakuambia neno liko moja, nawe umelijua tangu hujajua kusoma. Ukishalisema, zamu ya kusema inakuwa yake. Atasema marahaba. Baada ya hapo mtu na baba yake hawakosi la kuzungumza, hata kama ni bei ya vitunguu. Samahani itapata mahali pa kuingia yenyewe, leo au siku nyingine, na hata isipoingia kwa jina lake ataijua. Usimwambie kwamba unajua habari za mchicha mpaka aitaje yeye. Kama hataitaja, mwache nayo.

Akikuuliza kwa nini umechelewa, na hatakuuliza, sema ulikuwa unafuta sakafu.

Popo wacha, watoke kwa wakati wao. Paa tutalitazama mguu wangu ukikubali. Vaa buibui lako, panda Kwale leo asubuhi hii, umwamkie baba yako.

Mjomba wako,
Abdulwahab